Figiri Zangu na Kabichi za Enesi

Mke wa mwanangu hupika figiri karibu kila wiki, na kila anapoanza kuikata mimi huondoka jikoni nikaenda kukaa uani. Anadhani ule ukali wake unanipanda puani, nami nimemwacha aamini hivyo. Ukweli ni kwamba harufu ya figiri mbichi, ile inayotoka pale kisu kinapoingia kwenye bua, hunirudisha bondeni Iyula, nikiwa msichana mwenye magaga miguuni na roho iliyojaa kijicho, nimesimama natazama kabichi za mtu mwingine. Mwenye kabichi hizo, Enesi, tumemzika juzijuzi. Nilimlia mpaka sauti ikakauka. Lakini harufu ile ikinijia ghafla, wivu ndio unaonifikia kwanza, huzuni baadaye.

Nyinyi wenzangu mliokula chumvi nyingi mnajua kwamba wivu wa mtoto hauna adabu. Mtu mzima akiona wivu huuvisha nguo, akauita haki, au desturi, au uchungu wa ndugu. Mimi nilikuwa nao uchi, na sikuona sababu ya kuuficha.

Enesi alikuwa binti wa mama mkubwa, dada yake mama yangu, aliyeolewa Isongole akafia huko. Baba yake alikuwa amevuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba, na habari zake zilitufikia vipande vipande: leo yu hai, kesho anaumwa, kesho kutwa ameoa hukohuko. Mama alikwenda msibani akarudi na Enesi. Alikuwa mdogo kwangu kidogo tu, mwembamba, ana macho makubwa yanayotazama kila kitu kabla ya kukigusa. Mama aliondoka akiwa wangu, akarudi akiwa wetu. Hakuna aliyeniuliza.

Kwa desturi ya kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Watu wa Isongole walikubali alelewe na mama kwa sababu baba hayupo, lakini walisema watakuja kumwona anavyokaa, na wakiona anateseka watamchukua. Hilo nililisikia likizungumzwa jikoni, na tangu siku hiyo nikawa nawasubiri. Wengine walisubiri mvua, wengine bei ya kahawa. Mimi nilisubiri watu wa Isongole.

Mama yangu alikuwa Mndali, mzaliwa wa milima ya Ileje. Baba alikuwa Mnyiha, na nyumbani tulisema Kinyiha. Kiswahili kilikuwa cha shule na cha kanisani. Mama alikuwa amekijua Kinyiha vizuri, ila alikisema kwa lafudhi yake ambayo shangazi zangu waliigiza wakicheka. Kindali alikuwa amekiweka akiba. Nilikisikia anapojikwaa kidole, au anapoota. Enesi alipokuja, akiba ile ikafunguliwa. Asubuhi wakiwasha moto, jioni wakipukuchua mahindi, wao wawili walikuwa wakizungumza tu, na mama akicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia maisha yangu yote, cha chini, cha msichana. Mimi niliokota neno moja hapa, jingine pale.

"Mnasema nini?" niliuliza.

"Tunasema habari za kwetu," mama akanijibu kwa Kinyiha.

Za kwetu! Na mimi nilikuwa wa wapi? Nilikwenda nyuma ya nyumba nikampiga teke kuku ambaye hakuwa amenikosea chochote.

Halafu Enesi akaacha kumwita mama mdogo, akaanza kumwita mama. Nilimrekebisha. Nikamwambia, "Huyo kwako ni mama mdogo." Akaitikia vizuri, "Ndiyo, dada," na jioni yake nikamsikia, "Mama, nilete kuni?" Nilimtazama mama aone jambo hilo, alikemee. Mama akasema alete zile kavu.

Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama alimpa jembe, sikatai. Ila pamoja na jembe alimpa matuta mazuri kuliko yote tuliyokuwa nayo, na hapo ndipo wivu wangu ulipopata mahali pa kuota.

Bustani ya mama ilikuwa bondeni, chini ya kahawa za baba, karibu na kijito kisichokauka kiangazi. Wanawake wengine walikuwa wakija kuitazama, wengine kwa kusifu na wengine kwa jicho la pembeni, kwa sababu ya kabichi. Kabichi ilikuwa bado ngeni kwetu. Mbegu zilitoka misheni, na kwa watu wengi miche iliota vizuri, ikaanza kufunga, kisha wadudu wakaila mpaka ikabaki mishipa mitupu. Za mama zilifunga zikawa nzito. Na hakuwa na dawa yoyote. Dawa ilikuwa ya bwana shamba, na bwana shamba alijali kahawa peke yake. Mama alichokuwa nacho ni mpangilio. Kati ya mistari ya kabichi alipanda vitunguu. Kwenye kona aliacha lile gugu linalonuka, bangi mwitu, ambalo wenzake waliling'oa na kulitupa njiani. Mahindi aliyapanda na maharage, na maboga yakatambaa chini yake. Alizoea kusema kwamba mmea uliosimama peke yake ndio unaoonwa na mdudu. Na pembeni kabisa, upande upepo unakotokea, alikuwa na tuta moja refu la figiri, analolipanda mapema kabla miche ya kabichi haijatoka kitaluni.

Mwaka ninaousema alitugawia, ili tuwe na cha kupeleka kwenye Sikukuu ya Mavuno.

"Enesi, matuta haya mawili ya kabichi ni yako. Lide, lile la figiri ni lako."

Lide ni mimi, Lidia kwa ubatizo. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Mama, mkubwa ni mimi."

"Ndiyo maana," akasema.

Nikadhani ananifanyia mzaha.

Wenzangu mtakumbuka Mavuno ya zamani yalivyokuwa. Watu wazima walileta vyao, magunia na mikungu, lakini watoto tulikuwa na zamu yetu. Kwenye kanisa letu kila mtoto alibeba kikapu peke yake mpaka mbele, na mzee wa kanisa alimwuliza kwa sauti, watu wote wakisikia, "Mkono wa nani umelima?" Mtoto hujibu, "Mkono wangu," na kanisa zima huitikia, "Ubarikiwe." Huwezi kupeleka mavuno ya mama yako. Kulikuwa na kijana mmoja aliyejibu "wangu" kwa ndizi alizokata baba yake, akachekwa mpaka akahamia kanisa la jirani. Kwa hiyo lile neno, mkono wangu, baba yako akiwa ameketi upande wa wanaume na mama yako upande wa wanawake, wote wanakutazama wewe na si mwingine, mimi nililitaka kuliko nguo mpya. Na nililitaka nikiwa nimebeba kabichi. Figiri ilikuwa mboga ya kila siku, inaota hata jalalani. Ni nani aliyewahi kubarikiwa kwa figiri?

Hata hivyo nilizilima. Nilisema moyoni, zitakuwa figiri za kumfanya mtu azionee haya kabichi zake. Kisha wadudu wakaja. Walikuja weusi wadogo, wanaoruka ukiwakaribia kama viroboto. Wakaja viwavi wa kijani. Wakaja wale wenye madoa wanaonuka ukiwaminya. Wote walikuja kwangu. Majani yangu yalitoboka yakawa kama chekeche, na kila asubuhi nilikuta matundu mapya. Kabichi za Enesi zilikuwa hatua chache kutoka pale, zimetulia, zimeshika umande, hazina hata mkwaruzo. Unaweza kufikiri wadudu walikatazwa kuvuka.

Nami nikaamini kweli wamekatazwa. Jioni mama na Enesi walikuwa wakishuka bondeni wawili kupalilia, wakipiga magoti kati ya matuta na kuzungumza Kindali polepole. Siku moja nilijificha kwenye maboga nikamwona mama akifuta macho kwa upindo wa kaniki yake, na Enesi ameinamia kabichi midomo ikimchezacheza. Nikasema, hayo ndiyo maneno yenyewe. Kumbe kuna maneno ya Kindali ya kufukuza wadudu, na huyu amefundishwa, mimi mtoto wa tumbo sijafundishwa. Nilikuja kujua nikiwa mama wa watoto wangu, Enesi mwenyewe aliponiambia, kwamba walikuwa wakizungumza habari za mama mkubwa: nyimbo alizopenda, na jinsi alivyokuwa akiunguza viazi kila mara. Wakati ule mimi niliona siri ya kabichi.

Nilimfuata mama jikoni.

"Mama, nipe majivu ninyunyizie figiri zangu."

"Ziache."

"Zinaliwa!"

"Naona. Wewe zimwagilie tu, zisife."

"Za Enesi zingekuwa zinaliwa, ungemwambia aziache?"

Mama akasimamisha mwiko. "Lide, huo mdomo upumzishe," akasema, kisha akaendelea kusonga ugali.

Na Enesi mwenyewe, ambaye ningependa awe mchoyo au mwongo ili nipumue, alikuwa mwema. Hakuna kitu kinachomchosha mwenye wivu kama wema wa yule anayemwonea wivu. Alinifuata kijitoni akanitua mtungi, akasema, "Dada, zangu ni nyingi. Siku ya Mavuno uchukue wewe zile kubwa."

"Na mzee akiniuliza mkono wa nani, nitamjibu nini?"

Akafikiri. Nikambandua mkono wake kwenye mtungi nikajitwisha mwenyewe, na maji nusu yakanimwagikia.

Basi nikamgeukia Mungu. Niliomba kanisani nikiwa nimefumba macho kwelikweli, siyo kama siku nyingine. Nilisema: Bwana, wewe ulimpelekea Farao nzige, na viwavi unao wengi, nimewaona. Wapeleke upande wa pili. Na kama haitakuwa shida, wakumbushe watu wa Isongole.

Watu wa Isongole wakakumbuka. Mavuno yakiwa yamekaribia, na baridi ya kiangazi imeshika asubuhi, ujumbe ukaja kutoka kwa shangazi yake Enesi, dada wa baba yake. Alikuwa amesikia kwamba mtoto wao anafanywa kijakazi kwetu, na sasa anamtaka. Aliyepeleka maneno hayo sijui ni nani. Maneno hayakosi miguu. Mama hakulala vizuri. Asubuhi akafunga mzigo mdogo, akaamua kwenda mwenyewe, milima yote ile, akazungumze naye. Nilikuwa mlangoni nafagia nilipomsikia akimwambia baba:

"Nitamwomba aje Mavuno aone kwa macho yake. Akimwona anapita mbele, kikapu kimejaa, atajua mtoto ana fungu lake katika nyumba hii. Kisipojaa, baba Lide, sina la kumwambia. Atamchukua."

Baba akamsindikiza mpaka njia panda, kisha akarudi kwenye kahawa zake. Mimi nikabaki na ufagio mkononi nikiwaza kikapu kitupu. Sikugusa kabichi hata moja, naapa. Sikuwa na haja. Kazi hiyo nilikuwa nimeshamwachia Mungu.

Kazi yangu ilikuwa figiri. Mama alipopotea tu nyuma ya kilima, nilikomba majivu yote ya jikoni nikashuka nayo bondeni. Niliyanyunyiza kila alfajiri wakati majani yana umande, jani kwa jani, juu na chini. Niliokota viwavi kwa vidole nikawatia kwenye kopo. Nilitwanga pilipili nikachanganya na maji nikayarashia kwa fagio la majani. Na nani alichota maji hayo? Enesi. Nani alitwanga pilipili mpaka macho yakamvimba? Enesi. Sikumwomba. Alikuja tu, akauliza afanye nini, nami nikaona afadhali atumike.

Figiri zangu zikachipua. Majani mapya yakatoka mapana, laini, ya kijani kinachong'aa, na hayakuwa na tundu. Nilikaa kando ya tuta langu nikiyatazama, na kwa mara ya kwanza tangu Enesi aje nilijisikia tajiri. Sikujiuliza wale wadudu wamekwenda wapi.

Asubuhi moja nikageuka nikaziona kabichi. Zilikuwa zimetoboka. Jana yake zilikuwa nzima, au sikuzitazama, lakini asubuhi ile majani ya nje yalikuwa matundu matupu, na wale weusi wadogo walikuwa wakirukaruka juu yake kama wenye nyumba. Nikapiga makofi kwa furaha. Nilisema kwa sauti, peke yangu pale bondeni, kwamba kumbe Mungu anasikia hata Kinyiha.

Enesi hakulia. Alikwenda kukusanya majivu, nami nikamsaidia, maana alikuwa amenisaidia na sikupata namna ya kukataa. Tulichelewa. Viwavi walikuwa wameshaingia ndani ya vichwa, na ukikibonyeza kichwa unasikia kinavyozama. Usiku alilala akiwa amenipa mgongo, nami nililala nikiwaza Isongole.

Mama alirudi jioni ya kuamkia Mavuno, vumbi mpaka magotini, na nyuma yake alikuwa shangazi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, anayetazama vitu kama mtu aliyekuja kununua na hajapenda bei. Kichwani alikuwa na kitambaa kipya kilichokunjwa, na alipokishusha alisema wazi ni cha kufungia nguo za mtoto. Alimwita Enesi, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku, kisha akafunua viganja vyake.

"Mikono ina sugu," alisema.

"Za jembe lake mwenyewe, wifi," mama akajibu. "Ana matuta yake. Kesho utaona."

"Nitaona," shangazi akasema, akakaa juu ya mkeka kunyoosha miguu.

Mama hakukaa. Alichukua ungo, akasema anakwenda kuchuma mboga ya mgeni, akashuka bondeni karibu anakimbia. Nikamfuata, nimejaa majivuno ya figiri zangu, nataka niwepo atakapoziona.

Aliziona. Alitazama kabichi, akatazama figiri, akarudi tena kwenye kabichi. Kisha akakaa chini palepale kwenye udongo mbichi, na nguo zake za safari.

"Nani ameweka majivu kwenye figiri?"

"Mimi," nikasema kwa fahari. "Na pilipili. Mama, hazina hata tundu moja, na Mungu..." Nikauona uso wake.

"Nilikwambia uziache."

"Zilikuwa zinaliwa!"

"Nilizipanda ziliwe."

Sikuelewa. Akaanza kunieleza, sauti yake imechoka, huku akichimbachimba udongo kwa kidole. Mdudu ana njaa kama mtu, alisema. Akija na upepo anakula cha kwanza anachokikuta, na figiri anaipenda kuliko kabichi. Akishiba hapa, kule hasogei. Mwaka wake wa kwanza na kabichi, figiri iliota yenyewe pale pembeni, ikaliwa yote, na kabichi zikapona. Alilitazama jambo hilo, na tangu hapo anaipanda makusudi, mapema, upande upepo unakotokea. "Umewafukuza mezani," akasema. "Walitaka waende wapi?"

Haikuwa kabichi iliyoniuma.

"Kwa hiyo mimi ulinipa tuta la wadudu."

"Ndiyo."

"Ulijua tangu mwanzo."

"Nilijua. Ningekwambia, ungemwambia Enesi siku ya kwanza mtakayogombana, na yeye asingekubali."

Hapo alisema kweli. "Lakini kwa nini mimi?" nikauliza. "Kwa nini tuta la kuliwa usimpe yeye?"

"Yeye? Mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye watu wa kwao wananihesabia kila tonge? Nimpe yeye cha kuliwa na wadudu? Angekuwa ameshaondoka zamani."

"Na mimi?"

"Wewe unaondoka kwenda wapi?" Akanitazama, na macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi au kwa kitu kingine. "Mtoto wa mtu hanyimwi, Lide. Panapotakiwa mtu wa kunyimwa, namnyima wa kwangu. Na wa kwangu ni wewe tu."

Nilisikia maneno hayo, lakini sikuyapokea. Nililia kwa hasira. Nilimwambia anampenda Enesi kuliko mimi, anacheka na Enesi, anasema na Enesi maneno ambayo mimi hataki niyajue. Hakunibembeleza wala hakukana. Wazazi wa wakati ule hawakuwa na kawaida ya kukana. Alingoja nimalize, kisha akaniomba lile ambalo nilikuwa nimeshaanza kuliogopa: figiri zangu ziingie kwenye kikapu cha Enesi.

"Na mimi nitabeba nini?"

"Utakaa na mimi."

"Na mzee akimwuliza mkono wa nani?"

Mama akainuka, akanisogezea ungo. "Hilo sijui," akasema. "Chuma, mama, jua linazama."

Nilichuma mwenyewe. Sikukubali mtu mwingine aziguse. Nilizifunga mafungu kwa kamba ya mgomba, kila fungu sawa na jingine, na kila nililoweka ndani ya kikapu kile lilikuwa kama nalitoa mwilini.

Asubuhi kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Shangazi alikaa mbele yetu kidogo, kitambaa chake mapajani. Mama alikaa nami kwenye benchi la udongo, mkono wake juu ya goti langu. Watoto walipita mmoja mmoja, mahindi, maboga, yai moja, na kila mmoja akasema mkono wangu, na kila mara kanisa likaitikia. Kisha akapita Enesi. Alikuwa amekishika kikapu kwa mikono miwili, na figiri zangu zilikuwa nzuri kuliko chochote kilichokuwa pale mbele. Hata sasa nasema hivyo.

"Mkono wa nani umelima?" mzee wa kanisa akauliza.

Enesi akakitazama kikapu. Vidole vya mama vikanikaza goti. Mimi nilitaka aseme "wangu" ili aonekane mwongo mbele ya Mungu na watu, na papo hapo nilitaka asiseme, maana aibu ya uongo huo ingemwangukia mama. Nilitaka yote mawili kwa nguvu ileile.

"Wa dada yangu Lide," Enesi akasema. "Mimi nilichota maji."

Kanisa zima likageuka. Hakuna aliyewahi kujibu hivyo. "Na za kwako ziko wapi?" mzee akauliza.

"Zimeliwa na wadudu."

"Mbona basi unabeba hizi?"

"Amenipa," akasema Enesi. "Ili nami niwe na kikapu."

Amenipa! Mimi sikumpa. Nilinyang'anywa. Lakini pale mbele ya watu wote nikageuzwa mtu mwema bila kuulizwa, na hata wema huo uliotajwa kwa jina langu ulitoka mdomoni mwake. Mzee akasema, "Mbarikiwe wote wawili," na watu wakaitikia kwa kishindo, na baba kule upande wa wanaume akanitazama akaitikia kwa kichwa kwa furaha. Nilikuwa nimelipata nililolitaka, nusu yake, nikiwa nimekaa.

Shangazi akageuka nyuma. Hakumtazama mama. Alinitazama mimi, muda mrefu, kwa yale macho yake ya sokoni, kuanzia kichwani mpaka kwenye magaga. Kisha akamwambia mama kwa Kindali, kwa maneno mepesi ambayo hata mimi niliyaelewa:

"Kesho nitarudi peke yangu."

Wimbo ukaanza. Mama hakuimba. Aliuondoa mkono gotini akanizungushia begani, akanivuta mpaka shavu langu likagota kwenye kifua chake, kwenye harufu ya moshi na mafuta ya nyonyo. Kwangu ilikuwa kana kwamba hakuna mtu mwingine kwenye benchi letu. Niliomba wimbo ule uwe na beti nyingi.

Haukuwa nazo. Enesi akarudi na kikapu kitupu, akasimama mbele yetu. Mwishoni mwa benchi palikuwa na nafasi ya kumtosha, pale alipokuwa ameketi mwanzo. Aliitazama, akatutazama sisi, kisha akajipenyeza katikati yangu na mama.

Nikasogea. Si sana, lakini nilisogea.